Nakatwa SHA kila mwezi, lakini mama anasafishwa damu kwa pesa taslimu

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 42, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Nafanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Mshahara wangu ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Nautaja makusudi kwa sababu kwetu kila mtu anaujua, na nadhani ndio chanzo cha haya yote. Wasichokijua ni kinachobaki. Mwaka 2025 nilikatwa 3,300 za SHA (bima ya afya ya serikali), 1,800 za tozo ya nyumba nafuu za serikali, 4,320 za NSSF (akiba ya uzeeni) na kodi ya mapato ya 25,000 na zaidi kidogo, nikashika 85,000 hivi. Hapo Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, bado haijachukua chake, na kodi ya nyumba, karo na nauli vinasubiri.

Mama yangu ana miaka 67. Alikuwa na presha kwa miaka mingi, na mwaka jana figo zikakataa kazi. Tulimtoa kijijini Taita akaja kukaa nami. Sasa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika kituo kimoja cha binafsi, 9,000 kila kikao. Hiyo ni 72,000 kwa wiki nne, na sijahesabu sindano za kuongeza damu, vipimo, wala teksi, maana akitoka kwenye mashine hawezi kupanda matatu.

Mwanzoni tulifanya mchango. Kanisa lilitoa, wenzangu kazini walitoa, grupu la ukoo likajaa namba za simu na "Mungu awabariki". Mwezi wa tatu likanyamaza. Ndugu yangu yuko Doha, ni mlinzi, anatuma 20,000 anapoweza. Dada yangu anauza mboga sokoni Voi, akileta 3,000 najua amejinyima. Kinachobaki ni changu. Nimeshachukua mikopo miwili ya simu, na kila mwezi naanza na deni.

Kinachoniuma zaidi ni hii bima. Tulipoambiwa tujisajili SHA, mhudumu wa afya wa kijijini alimsajili mama, akapata ujumbe kwenye simu, tukashukuru. Tulipofika hospitali siku ya kwanza tukaambiwa: huyu amesajiliwa lakini hajalipiwa. Nikauliza, na mimi ninayekatwa 3,300 je? Wakanijibu kwamba ile inanihusu mimi, mume wangu na watoto, mama ni kaya nyingine. Nikaenda kwa afisa wa wafanyakazi kuulizia bima ya kampuni. Kuona umri wa mama tu, jibu likawa hapana. Zamani NHIF, bima iliyotangulia SHA, ilinikata 1,700. Leo nalipa karibu mara mbili, na mama yangu mzazi hayumo.

Mfumo ulipompigia mama hesabu, ulisema alipe 610 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa pamoja, yaani 7,320. Ndugu yangu alikataa. Anasema hizo ni pesa za kutupa baharini, hospitali zenyewe haziikubali SHA. Na kweli, kituo tunachokwenda kilishatwambia wanaidai serikali, tulete taslimu.

Sasa ndugu zangu wanataka nichukue mkopo wa 600,000 kwenye Sacco, "wewe ndiye mwenye kazi". Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na kazi zake ni za msimu, amenivumilia sana, lakini juzi alisema nikisaini mkopo huo itabidi tuuze kiwanja chetu cha Mtwapa, na kwamba wazazi wake pia wapo na hawajawahi kupata hata nusu ya haya. Hakusema kwa ubaya. Nilikosa jibu.

Mama ametusikia. Wiki iliyopita alikataa kwenda kwenye mashine, akasema anajisikia vizuri. Miguu ilikuwa imevimba.

Je, ni dhambi mtoto kumwambia mzazi kwamba siwezi tena? Na nikichukua huo mkopo, nitakuwa nimefanya sawa?

Binti wa Taita, Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu, na kabla hujasoma zaidi hakikisha kikao chake kijacho hakiruki. Mgonjwa wa figo aliyevimba miguu baada ya kukosa mashine hajisikii vizuri. Maji na chumvi vinajikusanya mwilini, moyo unaelemewa, na potasiamu inaweza kupanda bila dalili yoyote ya kuonya. Akipumua kwa shida, au kifua kikimbana, ni dharura ya usiku huo huo. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hospitali haina ruhusa ya kudai pesa mlangoni kwanza.

Mkopo usiuchukue. Naliweka mbele hili kwa sababu najua ndugu zako wanakusubiri. Mkopo unafaa kwa gharama yenye mwisho: upasuaji, paa la nyumba, karo ya muhula. Mashine ya figo haina tarehe ya kumaliza. Kwa 72,000 kwa mwezi, hizo 600,000 zitakwisha baada ya miezi minane hivi, na baada ya hapo utakuwa na mama anayehitaji mashine ile ile, deni la miaka kadhaa, na kiwanja hakipo. Hatakuwa amepona kwa sababu ulikopa. Siku daktari wa figo atakapowaambia kuna nafasi ya kupandikizwa figo na mtu wa kumtolea amepatikana, hapo tutazungumza habari ya mkopo, maana hiyo ni gharama moja kubwa yenye mwanzo na mwisho.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la malipo la hospitali. Nimeona familia za walalahoi zikiteseka, na wao angalau kila mtu huona wanahitaji msaada. Watu wa mshahara kama wako walikuja wamevaa vizuri, wakalipa bila kulalamika, wakarudi mwezi ujao wamelipa tena, na siku moja wanakuja kuuliza kama hospitali inaweza kushika hati ya kiwanja. Hakuna aliyewaonea huruma njiani kwa sababu walionekana wanaweza.

Hasira yako juu ya makato ina msingi, na sitaki uimeze. Lakini ielekeze panapostahili. NHIF ilikuwa na dari: aliyepata 100,000 alilipa 1,700, na aliyepata milioni moja alilipa 1,700 hiyo hiyo. Sheria mpya ya 2023, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Oktoba 2024, iliondoa dari na kuweka asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kwamba mwenye kingi atoe kingi, mimi naunga mkono kwa moyo wote. Ubaya uko kwingine. Mwenye mshahara anakatwa kabla hajaushika mkononi, mwajiri asipopeleka anatozwa faini. Wasio na mshahara wanapigiwa hesabu, wanaambiwa walipe mwaka mzima mara moja, na wengi hawalipi. Mamilioni wamejisajili, wachache ndio wamelipa. Kwa hiyo mzigo umekaa juu ya wale ambao ni rahisi kufikiwa, na wewe ni mmoja wao. Juu yake kuna asilimia 1.5 ya nyumba, na NSSF inayopanda kwa awamu. Halafu mtu anakuuliza pesa zinakwenda wapi.

Kubwa kuliko hilo ni namna sheria ilivyoichora familia. Imechora baba, mama na watoto. Kwetu hakuna familia ya namna hiyo. Mtu wa Taita, wa Kilifi, wa Lamu au wa Kakamega mwenye kazi anabeba nyumba mbili: anayolala na aliyozaliwa. Ukiolewa zinakuwa tatu. Waliotunga bima hii ni Wakenya, na wao pia wana wazazi vijijini, nami naona walipaswa kuweka njia ya mfanyakazi kuongeza mzazi kwenye makato yake, hata kwa kuongeza kidogo. Wangekusanya pesa za wazee wengi bila kumfuata mtu kijijini. Hili mwambie mbunge wako, na uliandike kwa jina lako. Watu wa mishahara hunung'unika sana mezani, lakini barua zao ni chache.

Lakini maadamu sheria imesema mama ni kaya yake, basi mtendeeni kama kaya yake. Alipiwe.

Najua ndugu yako wa Doha anaona ni pesa za kutupa. Mpelekee hesabu hii. Mwaka mzima wa SHA kwa mama ni 7,320. Kikao kimoja mnachokilipa taslimu ni 9,000. Yaani bima ya miezi kumi na miwili ni rahisi kuliko asubuhi moja kwenye mashine. SHA imeweka kulipa hospitali 10,650 kwa kila kikao cha kusafisha damu. NHIF ilikuwa ikilipa 9,500. Hata kama hospitali mtakayoipata itawakatalia nusu ya vikao kwa sababu ya mitandao, foleni au mashine mbovu, kikao cha kwanza tu kitakachokubaliwa kitakuwa kimerudisha pesa zenu zote. Sijui biashara nyingine inayorudisha hivyo. Wakati wa mjadala wenu hapo nyumbani zimeshatoka pesa za bima ya miaka kadhaa.

Hofu yake haikutoka hewani, nalikubali hilo. Hospitali zimecheleweshewa malipo, na Februari 2025 muungano wa hospitali za binafsi, RUPHA, ulitangaza kusimamisha huduma za SHA, wagonjwa wakaambiwa walipe wenyewe. Kituo chenu kinaweza kuwa kinasema kweli. Basi jibu ni kubadilisha kituo. Tangu mradi wa serikali wa 2015 wa kukodisha vifaa vya hospitali, hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina mashine za figo. Hapa Mombasa anzeni na Hospitali Kuu ya Pwani, kisha waulizeni hospitali za misheni. Usimpeleke mama kwanza. Nenda mwenyewe siku ya kazi asubuhi, fika kwenye kitengo cha figo chenyewe, si mapokezi, ukamuulize muuguzi msimamizi: nafasi ipo siku gani, SHA inapita au inakwama, katheta (mrija wa kwenye mshipa) na sindano za damu zinalipiwa au tunanunua nje, mashine ikiharibika mnawapeleka wapi wagonjwa wenu? Wauguzi wa figo huwajua wagonjwa wao kwa majina na watakwambia ukweli ambao dirishani hutaupata. Kama nafasi haipo, acha namba yako na uulize tena wiki inayofuata. Nafasi hupatikana, wakati mwingine kwa sababu za huzuni, lakini hupatikana.

Usikatishe kituo cha sasa mpaka kikao cha kwanza cha kwingine kiwe kimefanyika. Na uwaombe muhtasari wa matibabu, matokeo ya vipimo vya mwisho, hasa vya homa ya ini na HIV, kwa sababu hakuna kitengo cha figo kitakachompokea bila hivyo. Kuyapata hayo ni haki ya mgonjwa. Hata kama mna deni, wana haki ya kuwadai, hawana haki ya kumshika mtu. Mahakama Kuu ilisema hivyo wazi mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa kwenye hospitali ya uzazi jijini Nairobi kwa kukosa pesa.

Ukikosa hizo 7,320 kwa mpigo, ipo Lipa SHA Pole Pole, ambayo hukukopesha ada ya mwaka ukailipa kidogo kidogo. Mkopo huo ndio ninaokuruhusu. Lakini hapa naona ndugu yako wa Doha akitoa 20,000 mwezi mmoja atakuwa amemaliza, na itampa heshima ya kusema bima ya mama nimelipa mimi. Mpe nafasi hiyo. Mtu aliye mbali akiambiwa "tuma tu" huchoka upesi kuliko aliyepewa jambo lake.

Kwenye hati yako ya mshahara angalia kitu kimoja. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 makato ya SHA na ya nyumba yanatolewa kwanza, ndipo kodi inahesabiwa kwa kilichobaki. Katika kiwango chako cha kodi cha asilimia 30, hizo 3,300 zinakupunguzia kodi ya 990. Kwa hesabu uliyoniandikia, mwajiri wako anafanya sawa. Wasomaji wengine wakague zao, maana nimeona hati ambazo bado zinahesabiwa kizamani, na hiyo ni pesa yako inayokwenda kusikokuhusu.

Sasa habari ya nyumbani kwako. Mume wako amesema neno la haki kwa upole, na ulikosa jibu kwa sababu halina jibu la mdomo. Wazazi wake wamesajiliwa SHA? Wamelipiwa? Nina wasiwasi nao wana ule ujumbe tu kwenye simu. Mwezi huu huu, kabla hamjamaliza ya mama, kaeni wewe na yeye mpige hesabu ya wazee wote wa pande zote mbili, na ada zao za mwaka ziingie kwenye bajeti yenu mahali pale pale karo inapokaa. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi kwa kaya, na wakwe zako wakiwa pamoja ni kaya moja. Kufanya hivyo wakiwa wazima kutamwonyesha mumeo zaidi ya maneno kwamba umemsikia. Kiwanja kibaki. Kile ni cha watoto wenu, na ni uzee wenu nyinyi wawili, ili siku moja mtoto wako asiniandikie barua kama hii.

Umeniuliza kama ni dhambi kumwambia mzazi siwezi tena. Mwanangu, kutupa mzazi ni dhambi. Kumwambia mzazi ukweli wa kilichopo mfukoni si kumtupa. Mama yako alilea watoto kwa mapato ya kijijini. Anajua kuliko sisi sote maana ya kugawa kidogo. Kinachomuumiza sasa ni kusikia mkizungumza juu yake nyuma ya ukuta, akajihukumu mwenyewe kwamba yeye ndiye gharama. Aliporuka mashine alikuwa anajaribu kukusaidia. Kwa hiyo huo mkutano wenu wa ndugu usifanyike kwenye grupu, na usifanyike chumba cha pili. Mpigie ndugu yako video, dada yako aje au apige, mumeo awepo, na mama aketi kati yenu asikie kila kitu: bima yake italipwa siku gani, tunahamia hospitali gani, nani analipa teksi, nani ananunua sindano, nani anamsindikiza Jumanne na nani Ijumaa. Dada yako wa Voi hana pesa, lakini akija wiki moja kwa mwezi kukaa na mama, wewe utalala usingizi na hutaomba ruhusa kazini, na thamani ya hiyo ni kubwa kuliko zile 3,000. Sema mbele yao kiasi chako kwa mwezi ni hiki, kitaje, na usikizidishe kwa siri.

Muulizeni na yeye anataka nini. Mnaweza kushangaa. Nimewaona wazee waliotaka tu wahakikishiwe kwamba wakifa watazikwa kwao, na wengine waliotaka mashine kwa nguvu zote wamwone mjukuu akimaliza shule. Asiulizwe kwa namna ya kumsukuma aseme basi, bali kama mwenye mwili.

Hiyo mikopo miwili ya simu ilipe kabla ya jambo lingine lolote isipokuwa ada ya SHA ya mama. Riba yake ni kali kuliko ya Sacco, na ukiiacha ikazunguka itakula kile kidogo mtakachookoa kwa kuhama hospitali. Na kama hospitali mpya itawadai sehemu ambayo hamwezi, usirudi kwenye simu. Muulizie afisa wa ustawi wa jamii. Kila hospitali kubwa ya umma ina wake, kazi yake ni kutathmini na kupendekeza msamaha wa bili au malipo ya awamu. Watu wa mshahara huona aibu kuigonga ofisi hiyo. Nenda na hati ya mshahara, risiti za kituo cha kwanza na za dawa, na uketi kwenye benchi pamoja na wengine.